Mlevi Anapoacha Pombe Ghafla

Tunapofundisha juu ya pombe, sigara na dawa za kulevya, kwa kawaida tunataja magonjwa yanayokuja baadaye: ini kusinyaa, saratani ya mapafu, moyo kudhoofika. Hayo wengi wetu tumeshayasikia. Leo tutazame siku ambazo hazisemwi sana, yaani zile siku za kwanza baada ya mtu kuamua kuacha. Ndizo siku ambazo katekista au mwenyekiti wa jumuiya huitwa nyumbani kwa mgonjwa, na nia njema isiyo na ujuzi yaweza kumuua mtu.

Pombe huupoza ubongo. Anayekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, ubongo wake huzoea kujichochea ili ushindane na kilevi. Pombe ikikatwa ghafla, uchochezi ule hubaki bila kizuizi. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, usingizi hukimbia. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, ingawa hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huweweseka: huona wadudu ukutani, husikia sauti, hawawatambui watu wa nyumbani mwao. Hali hii isipotibiwa huweza kuua.

Jirani akiyaona hayo atasema nini? Atasema ni pepo. Mgonjwa atafungiwa chumbani, atafungishwa bila chakula wala maji, na kuombewa usiku kucha. Sala hatuipingi hata kidogo, lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1673) inatutaka tuhakikishe kwanza kama ni kazi ya Mwovu au ni ugonjwa, na ugonjwa inauacha mikononi mwa tiba. Hospitalini atapewa dawa kama diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa. Kuikosa vitamini hiyo huweza kumharibia mtu kumbukumbu moja kwa moja.

Heroini ina mambo mengine. Arosto yake ni mateso: mifupa kuuma, kutapika, kuharisha. Hata hivyo, aliye na afya na anayepata maji ya kutosha kwa kawaida hapotezi maisha kwa arosto yenyewe. Hatari iko mbele. Mwili ukishakaa bila heroini husahau ile dozi ya zamani, na akiirudia, pumzi husimama. Ndiyo maana wengine hutibiwa kwa methadoni, inayonywewa kila siku chini ya uangalizi. Hapa Tanzania huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Sisi hatukubali, kwani hata Katekisimu (namba 2291), inapolaani dawa za kulevya, huacha nafasi ya matumizi ya tiba.

Mvuta sigara yeye aache leo hii. Atakuwa na hasira na hamu kali, basi, kuacha hakutamdhuru.

Waseminari wanaojiandaa kuwa waungamishi wamkumbuke Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa daktari, akatumia afyuni kujitibu tumbo, akanaswa. Alipoendelea kuungama dhambi ileile, muungamishi wake aliona hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima maondoleo. Alikaa miaka ipatayo 30 bila sakramenti, lakini Kanisa hakuliacha. Aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 1900, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000. Alikufa bila kupona uraibu wake, kadiri tujuavyo.

Kwa hiyo anayeitwa kwa mtu aliyeacha pombe aulize kwanza: alikunywa mara ya mwisho lini? Alikuwa anakunywa kiasi gani kwa siku? Amewahi kuanguka alipojaribu kuacha zamani? Kama anatetemeka au anaweweseka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na Padre amfuate hukohuko na Mpako wa Wagonjwa.