Ankara ya Jarida Lisiloagizwa

Katika somo letu la leo twapenda kuwazindua ndugu zetu, na khasa wale waliopewa dhamana ya maktaba za vyama na za madrasa, juu ya jambo lidhaniwalo kuwa dogo, nalo si dogo. Jambo lenyewe ni ankara ijayo kwa posta kudai fedha za jarida ambalo maktaba haikuliagiza.

Aliyesoma mlango wa biashara katika fikihi ajua kuwa uuzaji hautimii ila kwa pande mbili kuridhiana. Basi mtu akikutupia kitu mlangoni kisha akakuandikia deni, kunyamaza kwako si kukubali. Lakini akiwa anadai haki yake, kumzuilia nako ni dhulma. Kwa hivyo mkutubi yuko baina ya khatari mbili: kulipa asichodaiwa, na kukataa anachodaiwa. Dawa yazo ni moja, nayo ni kuandika na kukagua.

Na tuangalie wafanyavyo wakutubi waliozoea kazi hii. Kwanza, ankara ikifika hawailipi papo hapo. Hulinganisha vitu vitatu: agizo lililoandikwa, rejista ya matoleo yaliyopokewa, na ankara yenyewe. Zamani rejista hiyo ilikuwa ni kadi katika makabati ya Kardex, kadi moja kwa kila jarida. Leo wengi huiweka katika kompyuta. Na kwa kuwa majina ya majarida hufanana, huangalia pia nambari ya ISSN, yenye alama 8.

Pili, hutafuta sababu. Huenda maktaba imekwisha kulipa kwa wakala, kisha mchapishaji akaleta ankara yake mwenyewe. Kulipa hapo ni kulipa mara mbili. Huenda mtu aliomba nakala moja ya kutazama, ikafuatwa na ankara ya mwaka mzima. Huenda ni agizo la kudumu lililosahauliwa, na hilo ni deni la haki. Na huenda ikawa ni hila tupu: tangazo la kutafuta wanunuzi lililovishwa sura ya ankara.

Hila hii haikuachwa bila ya sheria. Marekani, sheria ya posta ya mwaka 1970 ilimpa mwenye kupelekewa bidhaa asiyoiomba haki ya kuihisabu kuwa ni zawadi, na ikamkataza mpelekaji kumletea ankara yake. Sheria za posta za huko zataka pia tangazo lililofanana na ankara liandikwe wazi kuwa si ankara. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1971, ilifanya kuwa ni kosa kwa mfanya biashara kudai malipo ya bidhaa isiyoagizwa, ikiwa hana sababu ya maana ya kudhani kuwa ana haki ya kulipwa.

Tatu, huandika barua fupi isiyo na hasira: hatukuliagiza jarida hili, tuleteeni nakala ya agizo, tarehe yake na jina la aliyeagiza, na mpaka hapo msitupelekee tena. Nakala ya barua huwekwa. Matoleo nayo hutengwa, wala hayapigwi muhuri wa maktaba, kwani mwenye kupiga muhuri huonekana amekwisha kukubali. Na mtu akiuliza kwa simu jina la mwenye kazi, yafaa kutahadhari, kwani wako watakao jina hilo ili waliandike katika ankara kama kwamba ndiye aliyeagiza.

Nne, mwenye kuagiza, mwenye kupokea na mwenye kulipa hawawi mtu mmoja. Kila agizo lina nambari, na ankara isiyo na nambari hiyo hailipwi mpaka ichunguzwe.

Huenda msomaji akasema: maktaba yetu ni kabati moja tu, haya yatuhusu nini? Twamjibu kuwa kabati moja lahitaji daftari moja, na kalamu. Fedha za maktaba hiyo ni michango ya watu, na wengi wao si matajiri. Shilingi iliyolipwa kwa uzembe ni kitabu ambacho mtoto hatakisoma, na mlinzi wa amana hatosheki kusema kuwa hakuiba. Yampasa aweze kuonyesha kila shilingi ilikokwenda.