Sayansi na Imani, Kutoka Ulaya hadi Buha

Swali: Msomaji wa Heru Juu, Buha, anauliza, je, sayansi ya Magharibi ilikua kwa kuitupa dini?

Jibu: Historia haikubaliani na dhana hiyo, kwani ingawa Kanisa lilimhukumu Galileo mwaka 1633 kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua, hukumu iliyokuwa dhuluma ya wazi, Galileo alibaki Mkatoliki, na misingi ya jenetiki, yaani elimu ya urithi wa sifa kutoka kwa wazazi, iliwekwa na mtawa Gregor Mendel, aliyewasilisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1865. Buha nako, yaani nchi ya Waha mkoani Kigoma, tiba ya kisayansi ilienezwa kwa sehemu kubwa na wamisionari, na hospitali za Kabanga, ya Wakatoliki, na Heri, ya Waadventista Wasabato, zingali zikitibu wagonjwa bila kuficha imani ya waanzilishi wake.