Vijana wa Shule na Mashindano ya Ilmu ya Falaki

Kila mwaka vijana wa shule za sekondari kutoka mataifa mengi hukusanyika katika nchi moja, wakakaa huko siku kama kumi, ili wapimwe maarifa yao ya nyota na sayari. Na kwa kuwa wazazi na waalimu wengi wa kwetu hawajapata kuisikia habari hii, tumeona ni wajibu kuieleza katika kijitabu hiki.

Mashindano ya namna hii yalitangulia kufanyika Urusi mwaka 1996. Lakini tunayoyakusudia hapa ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Astronomia na Astrofizikia, iliyofunguliwa mwaka 2007 huko Chiang Mai, katika nchi ya Uthai, na ambayo tangu wakati huo imepokewa na Tehran, Beijing, Rio de Janeiro na miji mingineyo, hata ikafika Mumbai mwaka 2025. Mwaka 2022 ilikuwa ifanyike Ukraine. Vita vikazuia, na Georgia ikawapokea wageni badala yake.

Mwanafunzi hajipeleki mwenyewe, bali hutumwa na taifa lake katika kundi la vijana wasiozidi watano, wakifuatana na viongozi wawili. Naye sharti awe hajatimiza miaka 20, wala hajaanza masomo ya chuo kikuu. Maswali ya nadharia ni magumu, lakini kanuni zenyewe zasema kwamba majibu yake yasihitaji kalkulasi, jambo ambalo laondoa hofu kubwa. Tena viongozi hukesha wakiyatafsiri maswali kwa lugha za wanafunzi wao. Kwa hiyo, siku timu ya Waswahili itakapokwenda, hapana la kuzuia maswali hayo yasisomwe kwa Kiswahili fasaha, maadamu waalimu wamekwisha kuyazoea maneno ya fani hii.

Baada ya nadharia, na baada ya kuchambua vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa, huja mtihani wa kuitazama mbingu yenyewe, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Mtahiniwa husimama usiku, pengine mbele ya darubini, akatakiwa aitaje nyota kwa jina lake, au akadirie urefu wake juu ya upeo wa macho. Hilo halisomwi kitabuni peke yake. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakitoka pwani hii kwenda Maskati walilijua barabara: nyota ya Jaa, isiyoonekana kabisa Mombasa wala Unguja, huchomoza upande wa kaskazini chombo kikisha vuka istiwai, ikazidi kupanda kadiri safari inavyoendelea, na kwa kuupima urefu wake nahodha hutambua amefika wapi. Kanuni hiyo hiyo, kwamba kimo cha ncha ya mbingu ni sawa na latitudo ya mahali, ni msingi wa maswali mengi ya Olimpiadi; na majina kama Aldebaran, Rigel na Deneb, ambayo mtahiniwa wa Poland hana budi kuyakariri, yametokana na Kiarabu, lugha iliyotupa sisi Zuhura, Mshtarii na Zohali.

Basi mwalimu asingoje darubini. Maswali ya miaka iliyopita yamechapishwa, na yasomeka bila malipo. Mbingu nayo i wazi. Na aanze katika usiku mkavu wa mwezi wa Julai, yapata saa mbili, awatoe wanafunzi wake mahali pasipo taa: watauona Msalaba wa Kusini upande wa kusini-magharibi, Dubu Mkubwa upande wa kaskazini-magharibi, na Akrabu juu upande wa kusini-mashariki, na nyota yake nyekundu, Antares, kifuani. Kijana wa Poland hawezi kamwe kuuona Msalaba huo akiwa kwao. Kila mwanafunzi na apewe karatasi na kalamu, achore alichokiona kabla ya kuonyeshwa ramani, kisha wiki ya pili, saa ile ile, achore tena, alinganishe nyota zimehama kiasi gani.