Gurami mdogo: dume mmoja kwa tanki moja

Hapa tumezoea kuongelea sato na kambale, lakini siku hizi napata maswali mengi kutoka kwa vijana wanaouza samaki wa mapambo na kufunga matanki kwenye saluni, ofisi na nyumba za wageni. Leo tumchukue gurami mdogo, yule mwenye mistari myekundu na ya bluu. Naanza naye kwa sababu nimeshakosea juu yake, na kosa langu lilimgharimu mtu mwingine.

Kijana mmoja ninayemhudumia alipata kazi yake ya kwanza ya maana: tanki la lita 60 pale mapokezi ya nyumba ya wageni. Akanipigia simu: "Afisa, nataka kuweka gurami wanne, vipi?" Mimi nimesomea zaidi samaki wa chakula, lakini nikajibu kwa kujiamini: "Gurami ni mpole, weka tu." Akachagua wanne wenye rangi kali kuliko wote. Siku ya tano mmoja alikuwa amejibana nyuma ya filta, mkia umechanika. Wiki ya pili wawili walikuwa wamekufa. Mwenye nyumba akamwambia, njoo uchukue tanki lako.

Kumbe wote wanne walikuwa madume.

Tabia yake ikoje?

Gurami mdogo asili yake ni Asia Kusini, kwenye maji yaliyotulia yenye majani mengi, nchi kama India na Bangladesh. Hukua hadi sentimita 7 au 8. Kwa samaki wa aina nyingine ni mpole kweli, hata mwoga. Ukigonga kioo anakimbilia kwenye majani. Ila dume kwa dume ni habari nyingine. Kila dume anataka eneo lake, na humo hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, akichanganya na vipande vya majani. Akishajenga, anamfukuza yeyote anayesogea, hata jike ambaye hayuko tayari kutaga.

Porini anayeshindwa anakimbia, yameisha. Kwenye tanki la lita 60 atakimbilia wapi? Anafukuzwa asubuhi mpaka jioni, hali vizuri, rangi inapauka, mwisho anaugua. Wengi tunasema "ameugua tu", kumbe alichoshwa na mwenzake.

Kutofautisha dume na jike

Dume ana rangi kali, na pezi lake la mgongoni limechongoka kwa nyuma. Jike ni wa rangi ya fedha iliyofifia, na pezi hilo limeviringa. Hapa ndipo mtego ulipo: mteja akichagua kwa macho, atachagua madume watupu. Madukani nako majike ni wachache kwa sababu hawavutii. Usipomwongoza mteja, ataondoka na ugomvi ndani ya mfuko.

Idadi ya kuweka

• Tanki la lita 40: gurami mmoja tu.
• Tanki la lita 60 lenye majani mengi: dume mmoja na majike wawili, ili usumbufu wa dume usimwangukie jike mmoja.
• Madume wawili: usiwaweke kwenye tanki dogo hata kama mteja anasisitiza.

Anaelewana na nani?

Wanaomfaa ni samaki wadogo watulivu: tetra wa neoni, rasbora, na kambale wadogo wa chini wanaoitwa koridora. Hawa wanakaa katikati na chini ya tanki, gurami anapenda juu. Kila mtu na sehemu yake.

Wasiomfaa:

• Beta, yule samaki mpiganaji. Naye ni wa juu na ana hasira zilezile.
• Gurami wa aina nyingine, hasa wakubwa.
• Babi wenye milia. Wanadonoa mapezi, na gurami ana mapezi mawili marefu kama nyuzi anayotumia kupapasia.
• Mbuna wa Ziwa Nyasa. Ni wakali, na wanataka maji magumu yenye pH ya juu. Gurami anapenda maji laini, pH kati ya 6 na 7.5.
• Goldifishi. Anachafua maji sana na anapenda maji ya baridi, wakati gurami anataka nyuzi joto 24 hadi 28.

Mazingira ya tanki

Gurami ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa. Ukimwona anapanda juu kila mara kunywa hewa, usishtuke, ndivyo alivyo. Kwa hiyo acha nafasi kati ya maji na mfuniko. Filta isisukume maji kwa nguvu, maana inamchosha na kubomoa kiota. Weka majani yanayoelea na mengine marefu ya kujificha.

Tahadhari ya ugonjwa

Kuna kirusi kinachowasumbua sana gurami hawa, na hakina dawa. Dalili ni kupauka, kukataa chakula, tumbo kuvimba na vidonda. Ukinunua wapya, watenge wiki tatu kwenye chombo chao, na usitumie neti moja kwa matanki yote. Wanaokushinda kufuga usiwamwage mtoni wala bwawani.

Kabla hujauza, muulize mteja maswali manne

1. Tanki lako ni la lita ngapi?
2. Ndani kuna samaki gani tayari?
3. Una gurami mwingine? Ni dume?
4. Lina majani na sehemu za kujificha?

Jibu likiwa baya, usimuuzie. Najua inauma kurudisha hela ya mteja mkononi mwake. Lakini ukimuuzia madume wanne leo, unapata faida ya samaki wanne basi. Ukimuuzia mmoja akaishi, mteja atarudi kwa chakula, majani na filta, na ataleta jirani yake.

Yule kijana wangu bado yuko kazini. Siku hizi akinipigia simu, kabla sijajibu nauliza kwanza: "Dume au jike?"

Kazi njema, tukutane somo lijalo.