Hita Isiyopasha kwenye Dizeli ya Zamani

Hita ya gari la zamani la dizeli haina joto lake. Inaazima la injini. Maji yaliyopashwa na injini hupita kwenye mpira mmoja hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni hupuliza hewa juu yake, kisha maji hurudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Kwa hiyo hita inapotoa baridi, la kuulizwa kwanza ni kama injini yenyewe ina joto la kuazimwa.

Huko Bagara, kata ya mji wa Babati nchini Tanzania, swali hilo huanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Mji wa Babati uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na anayekwenda Mbulu kupitia Dareda hupanda ukingo wa Bonde la Ufa huku kioo cha mbele kikifunikwa na mvuke wa pumzi za abiria. Hapo hita si anasa. Dizeli nayo hutoa joto kidogo injini ikiunguruma bila mzigo: Land Cruiser ya injini ya 1HZ, silinda 6 na lita 4.2, inaweza kuwashwa uani muda mrefu na maji yake yakabaki vuguvugu. Huo si ubovu. Gari lipimwe baada ya kutembea kilomita 10 hivi.

Geji ikiendelea kukaa chini baada ya mwendo huo, mshukiwa ni thamostati, vali inayofungulia maji njia ya rejeta kubwa yakishapata moto, na mara nyingi haimo kabisa. Mafundi wengi huing'oa gari likichemsha, wakiamini wameyafungulia maji njia. Ni tiba mbaya kuliko ugonjwa. Maji huzunguka kwenye rejeta kubwa wakati wote, injini haifikii joto lake la kazi, mafuta huliwa zaidi na hita hupoa. Tena kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari laweza kuchemsha kuliko awali. Thamostati hupimwa kwa sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo. Maji ya Babati huchemka kwenye nyuzi 95 au 96, hivyo kipimo kinatosha.

Geji ikiwa mahali pake na hita bado baridi, ishikwe ile mipira miwili inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kwa uangalifu, kwa kuwa huunguza. Yote miwili ikiwa ya moto, maji hayana kosa: itazamwe feni, fyuzi yake, na kebo inayofungua kilango cha hewa, ambayo hupenda kuchomoka. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, ama koki ya hita haifunguki, ama rejeta ndogo imeziba kwa kutu na chokaa. Hayo ndiyo malipo ya kujazia maji ya kisima badala ya kulanti. Husafishwa kwa kuchomoa mipira na kupitisha maji safi kinyumenyume, kwa nguvu ndogo, hadi yatoke meupe.

Yote miwili ikiwa baridi, maji yamepungua au hewa imenasa. Mfuniko wa rejeta hufunguliwa injini ikiwa imepoa tu. Gari huegeshwa pua ikitazama mlima, hita hufunguliwa hadi mwisho, injini huwashwa na maji huongezwa taratibu mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasiyoisha ni habari nyingine: mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha, na hita ilikuwa inatoa taarifa tu.

Zulia lililolowa upande wa abiria, pamoja na harufu tamutamu, huonyesha kwamba rejeta ndogo inavuja. Dawa ya haraka ya gereji ni kuunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba na kuiacha hita nje ya mzunguko. Gari hutembea, na kasoro hufichika hadi msimu wa baridi. Anayenunua dizeli iliyotumika afungue boneti kabla ya kulipa, ahesabu mipira ya hita inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na abiria. Iwe miwili.