Soko Lenye Mwenyewe

Mtu aendaye sokoni haendi kununua tu. Huko husikia habari za msiba, huonana na mkwewe, hudai na kudaiwa. Jambo hilo alilijua vema Victor Gruen, msanifu wa majumba aliyezaliwa Vienna mwaka 1903, akakimbilia Marekani mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria. Huko aliwaona watu wakihamia pembezoni mwa miji, kila jamaa na nyumba yake na gari lake, wala hawana mahali pa kukutania. Akakusudia kuwapatia.

Mwaka 1954 maduka yake ya Northland yalifunguliwa karibu na Detroit. Tarehe 8 Oktoba 1956 likafuata jumba la Southdale, huko Edina, Minnesota, nalo ndilo likawa mama wa majumba mengi: maduka yote chini ya paa moja, ua wa katikati wenye miti na ndege, na hali ya hewa ile ile wakati wa jua na wakati wa theluji. Maduka mawili makubwa yaliyoshindana, Dayton's na Donaldson's, yaliwekwa humo pamoja, ili aendaye kwa moja apite penye madogo kabla ya kulifikia la pili. Gruen alitaka kando yake zijengwe nyumba, shule na bustani. Wenye fedha walilipenda jumba, mji wakauacha. Tena sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwaruhusu wenye majengo mapya kuhesabu uchakavu kwa haraka, hata ikawa faida kujenga pasipo kuuliza sana kama wanunuzi watatosha.

Hapa yatupasa kutua kidogo. Watu waliozoea kukutana katika ua ule waliuona kuwa wao. Haukuwa wao. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka Portland, Oregon, kwamba mwenye jumba la maduka aweza kuwakataza watu wanaogawa karatasi za kupinga vita vya Vietnam. Barabarani nje wangeweza kuzigawa, ndani, la. Basi uwanja wa wote ulikuwa na mwenyewe, naye aliuweka wazi maadamu kodi ya pango inaingia. Soko la halmashauri likiharibika, wananchi wanaye diwani wa kumwendea. Jumba likifungwa, wamwendee nani?

Swali hilo liliwapata watu wa North Randall, kijiji kilicho karibu na Cleveland, Ohio, chenye wakazi wasiotimia elfu mbili. Mwaka 1976 lilifunguliwa hapo jumba la Randall Park, mojawapo ya yale makubwa kabisa duniani siku hizo. (Mwaka ule ule, Gruen akiwa amekwisha kurudi kwao, jumba la namna hiyo lilifunguliwa nje kidogo ya Vienna. Hakufurahi.) Randall Park lilifungwa mwaka 2009.

Wengi husema intaneti ndiyo iliyoyaua majumba haya. Sisi twaona imebebeshwa mzigo usio wake wote. Yalijengwa mengi mno, karibu karibu, yakanyang'anyana wateja wale wale. Duka kubwa likihama, watu hupungua. Na katika mikataba mingi wapangaji wadogo walikuwa na haki ya kulipa pungufu au kuondoka iwapo lile kubwa limekwenda. Ndiyo sababu kufilisika kwa Sears mwaka 2018 kuliyatikisa majumba mengi kwa mara moja. Intaneti iliwakuta wagonjwa, ikawamalizia. Si wote: Southdale lingali wazi, na katika miaka ya 2010 nyumba za kupanga zilijengwa kando yake, kama Gruen alivyotaka tangu mwanzo.

North Randall haikupata bahati hiyo. Jumba lilibomolewa, na mwaka 2018 Amazon ilifungua ghala mahali pale pale. Kazi zimerudi, nazo si kitu cha kudharau. Lakini mzee atafutaye mtu wa kuongea naye, au mama mwenye watoto siku ya mvua, hana la kumpeleka penye lango lile.