Mlio wa gitaa la shingo mbili kwa bei ya uzi mmoja

Mwaka 1971 Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin ya Uingereza, alikuwa na shida ambayo bendi yako ya Kinondoni pengine haina. Wimbo wa "Stairway to Heaven" aliurekodi studio kwa magitaa tofauti, likiwemo la nyuzi 12, lakini jukwaani mpiga gitaa alikuwa yeye peke yake. Akaagiza Gibson EDS-1275, gitaa la umeme lenye shingo mbili: ya juu nyuzi 12, ya chini nyuzi 6. Tangu hapo kila kijana anayeona picha yake analitamani.

Kabla hujaanza kulitafuta, hesabu kwanza watu wa bendi yako. Muziki wetu wa dansi, tangu NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, hadi Mlimani Park iliyoanza 1978, wana Sikinde, uliimaliza shida hiyo kwa kugawana kazi: huyu solo, yule solo la pili, mwingine rithimu, mwingine besi. Magitaa matatu yakiongea kwa zamu, shingo ya pili ya nini? Tena gitaa lile lina uzito wa zaidi ya kilo 5. Anayepiga dansi mpaka usiku wa manane bega lake atalijua.

Kinachobaki kutamanika ni mlio wa nyuzi 12, na huo wapiga gitaa wa Kongo waliupatia njia rahisi. Gitaa lao wanaliita mi-composé, na kwenye OK Jazz ya Franco limesikika sana, likimetameta katikati ya solo na rithimu.

Fanya hivi. Toa uzi wa nne, ule mnene wa re. Mahali pake funga uzi wa kwanza, namba 10, uliotoka kwenye seti nyingine. Usiuvute hadi mi. Uishie re ya juu, toni moja chini ya uzi wa kwanza. Kuhakikisha, bonyeza uzi wa pili kwenye freti ya tatu: sauti hizo mbili lazima ziwe moja. Sasa shika akodi ya D. Uzi wa pili na wa nne zinatoa re ileile kwa pamoja, na hapo ndipo utausikia ule mng'ao.

Tatizo litakuja kwenye kile kipande cheupe kinachopokea nyuzi mwisho wa shingo. Mfereji wa nne umechongwa kwa uzi mnene, kwa hiyo mwembamba utachezacheza na kuvuma. Usichonge kitu. Kunja kipande kidogo cha karatasi ngumu, kiweke ndani ya mfereji, uzi ukae juu yake. Ukiona umelizoea gitaa hilo, mpe fundi akutengenezee kipande kingine cha mfupa.

Halafu nenda kwenye briji. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, kisha ubonyeze palepale upige tena. Sauti ya pili ikiwa juu zaidi, rudisha kile kichuma kinachobeba uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kwanza ndipo ugeuze skrubu.

Usilitumie gitaa hili kwa solo ndefu. Uzi wa nne sasa uko juu kuliko wa tatu na wa pili, na vidole vilivyozoea skeli vitapotea njia. Kazi yake ni kuvunja akodi, sauti mojamoja, katikati ya shingo, ukirudia bila kuchoka huku rithimu ikishika chini. Kuwa na subira; utamu wake uko kwenye kurudia.

Nunua nyuzi za kwanza tatu au nne za akiba. Joto la Dar, jasho na hewa ya bahari huzila haraka, basi zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Na fedha za shingo mbili, kama mnazo kweli, nunueni amplifaya ya pili. Solo na mi-composé zikichangia spika moja zinamezana, na kazi yote hii itakuwa bure.